Kabla ya kuwapeleka watoto Kigali, tuwafundishe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wakuu wa shule, walimu wenzangu na wazazi wa Kanda ya Ziwa kuhusu safari za wanafunzi kwenda Rwanda. Wiki mbili zilizopita wakala mmoja wa safari alikuja shuleni kwetu, hapa Mwanza, akiwa na karatasi ya rangi yenye picha za Kigali usiku. Siku nne, mapumziko ya Pasaka, basi, malazi na chakula, vyote kwa bei moja. Alichotaka kwetu ni orodha ya majina na malipo ya awali ndani ya wiki tatu. Nilimwuliza watoto watafundishwa nini kabla ya kuondoka. Akanijibu, "Mwalimu, huko kuna waongozaji, watawaeleza kila kitu palepale."

Sikumlaumu sana, kwa sababu mwaka 2019 na mimi niliamini hivyohivyo.

Ninafundisha Historia na ni mlezi wa klabu ya wanafunzi wa somo hilo. Nimewapeleka wanafunzi Kigali mara mbili, Juni 2019 na Juni 2025. Safari ya kwanza tuliiandaa kwa wiki nne, na wiki hizo zote zikaishia kwenye makaratasi. Mwanafunzi anahitaji pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari ili avuke mpaka. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa mama anayeuza dagaa Mwaloni hiyo si fedha ya kuitoa kwa notisi ya siku kumi. Lakini fedha si kikwazo kikubwa kama vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinataka kilingane na jina lililosajiliwa shuleni, na maofisa wa Uhamiaji watauliza pia cha mzazi. Nilikuwa na binti wa kidato cha tatu anayelelewa na bibi yake Igoma. Kwenye cheti chake jina la babu lilikaa mahali pa jina la baba, na shuleni akawa na jina la tatu tofauti kabisa. Alihitaji hati za kiapo na marekebisho, na sisi tulikuwa tumebakiwa na siku sita. Ndiye aliyeandika insha nzuri kuliko zote za klabu mwaka ule. Asubuhi ya safari alikuja kutuaga akiwa na sare, akasaidia kupakia mabegi ya wenzake, kisha akarudi darasani peke yake.

Tulivuka kwa kivuko pale Kigongo, tukapita Sengerema, Geita, Biharamulo, Lusahunga, hadi Benaco na Rusumo. Mpakani ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa sijafundisha. Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza imepiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi uleule wa Juni, na watoto wetu walikuwa wamefunga viatu, sabuni na maandazi kwenye vifungashio vya plastiki vinavyoonyesha ndani. Rwanda imeikataza mifuko ya plastiki tangu 2008. Mabegi yakafunguliwa moja moja kando ya basi. Wasichana walisimama wameshika nguo zao za ndani mikononi mbele ya wavulana, kwa sababu tu mwalimu wao hakuwaambia watumie mifuko ya kitambaa. Aibu ile ilikuwa yangu mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya wakala yeyote. Ukivuka Rusumo, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara. Basi letu la Tanzania mlango wake uko kushoto. Maana yake ni kwamba likisimama pembeni mwa barabara nchini Rwanda, mlango unafunguka kuelekea katikati ya barabara. Tulisimama Kayonza kununua maji, mvulana akaruka chini kama tunavyoruka hapa Buzuruga, na pikipiki ikampitia karibu kiasi cha kumgusa mkono wa shati. Tangu siku ile sheria yangu ni moja: basi halishushi mtoto ila ndani ya uwanja, kituo cha mafuta au geti, na mwalimu anashuka wa kwanza. Mzazi unayesoma hapa, kabla hujalipa hata shilingi, muulize mwalimu swali hilo la mlango.

Lakini hayo yanarekebishika kwa tangazo moja la dakika kumi. Jambo ambalo dakika kumi hazitoshi ni Gisozi.

Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali yako kwenye kilima cha Gisozi. Yalifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, wahanga wa mauaji ya Watutsi ya mwaka 1994. Hapo si mahali pa kutalii tu; ni makaburi, na watu wa familia huja na maua kuwaona ndugu zao. Niliwapeleka wanafunzi 38 wa umri wa miaka 15 hadi 17 moja kwa moja kutoka kwenye kifungua kinywa. Mbele ya mafuvu, mvulana mmoja alicheka. Nawajua wanafunzi wangu: hakuwa na dharau, ni kicheko kile cha mtu anayeogopa asiyejua uso wake aufanyeje. Mama mmoja wa Kinyarwanda aliyekuwa amesimama karibu aligeuka akamtazama, kisha akaondoka chumbani. Huko juu kuna chumba cha watoto. Picha kubwa ya mtoto, na chini yake jina, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, na namna alivyouawa. Binti wetu mmoja mwenye mdogo wake wa miaka minne nyumbani alikaa chini sakafuni, asiweze kunyanyuka. Nilikuwa peke yangu na mwalimu mmoja wa kiume. Matroni tulikuwa tumemwacha Mwanza ili kupunguza gharama.

Na saa nane mchana, kwa mujibu wa ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu, tulikuwa kwenye jengo la maduka makubwa katikati ya mji, watoto wakipanda na kushuka ngazi za umeme. Usiku ule tisa kati yao hawakula. Sikuwa na neno la kuwaambia, kwa kuwa sikuwa nimeliandaa.

Chakula hichohicho cha jioni tulikula pamoja na wanafunzi wa shule iliyotupokea. Mvulana wetu, mchangamfu, Msukuma anayetaniwa na kila mtu naye hutania kila mtu, alimgeukia mwenyeji aliyekaa karibu naye akamuuliza kwa Kiswahili safi, "Kwani wewe ni kabila gani?"

Kwetu hilo ni swali la kufungulia mazungumzo. Ukijibu Mkurya unachekwa, ukijibu Mhaya unachekwa zaidi, mnakuwa marafiki. Kwa jirani zetu, swali hilohilo liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994 ili kujua nani auawe, na jibu lilikuwa limeandikwa tayari kwenye kitambulisho, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Kitambulisho cha leo hakina tena mstari huo. Meza nzima ilinyamaza. Yule kijana Mnyarwanda akajibu, "Mimi ni Mnyarwanda," akaendelea kula. Mpishi aliyekuwa akigawa chakula akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Ni abana." Mimi ni Mhangaza wa Ngara, na Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo nilisikia. Alikuwa anatutetea. Alisema: ni watoto.

Wale kweli ni watoto. Mimi sikuwa mtoto.

Niseme kwa nini jambo hili linaniuma kuliko pengine linavyostahili. Aprili 1994 nilikuwa darasa la tano, na kwetu si mbali na Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa zipatazo 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la mpakani pale kuja upande wetu. Nawakumbuka wakipita na magodoro kichwani, sufuria, mbuzi, wazee wakibebwa mgongoni. Kando ya daraja kulikuwa na lundo la mapanga na visu vilivyoachwa kabla ya kuingia Tanzania. Mama alitutuma na ndoo ya maji na kikombe kimoja, tukawapa waliokuwa wakipita, kila mtu akinywa na kumpa wa nyuma yake. Miaka baadaye nilipoanza kusoma ndipo nilipoelewa kwamba katika mstari ule walikuwemo waliokimbia vita wakiwa hawana hatia na walikuwemo waliotoka kuua, na kwamba mimi na kikombe changu hatukuweza kuwatofautisha. Mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti hadi Ziwa Victoria. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kujenga barabara pale, ikajaa hadi vilima vikageuka rangi ya turubai.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema historia ya Rwanda ni ya Wanyarwanda, namwambia afungue ramani. Mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na RPF, kundi la waasi Wanyarwanda waliotoka uhamishoni, ulitiwa saini Arusha, Agosti 4, 1993. Ndege ya Rais Habyarimana iliyotunguliwa Kigali usiku wa Aprili 6, 1994, akiwemo pia Rais Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa imetoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji hayo ilikaa Arusha hadi mwisho wa 2015, na hukumu yake ya Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ndiyo ya kwanza duniani ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwanafunzi wa Mwanza anayeingia Gisozi bila kujua hayo anaingia kama mgeni kwenye msiba uliopita uani kwake.

Safari ya pili tulitaka kwenda mwishoni mwa 2024. Septemba 27 Rwanda ikatangaza ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola. Tuliahirisha siku ileile, na wakala tuliyekuwa tumemlipa nusu ya fedha akakataa kurudisha hata senti, kwa sababu karatasi tuliyotia saini haikuwa na neno kuhusu magonjwa. Kosa la kutosoma lilikuwa letu, ila wazazi ndio walioumia. Rwanda ikatangaza mwisho wa mlipuko Desemba, kisha Januari 2025 Marburg ikaonekana kwetu wenyewe mkoani Kagera, njia tunayopita. Tukangoja tena hadi Machi ilipotangazwa kuisha. Mkataba wetu wa sasa una kifungu cha magonjwa na kufungwa kwa mpaka, kimeandikwa kwa Kiswahili, na kila mzazi alipewa nakala yake.

Kungoja kule kulitupa muda, na muda tuliutumia. Tulikutana Jumamosi sita mfululizo. Ya kwanza tulianza na ramani na hizo tarehe za Arusha na Dar es Salaam. Ya pili nilileta suala la kabila. Niliwaambia wazi: kule hamtamuuliza mtu kabila, wala hamtakisia kwa urefu wa mtu au pua yake, wala hamtanong'onezana kwenye basi. Mvulana mmoja wa nyuma akatania, akamtaja mwenzake kwa kimo chake, darasa likacheka. Binti mmoja akainuka taratibu akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akaniambia kwamba bibi yake mzaa mama alivuka Rusumo mwaka 1994, akaolewa huku, na kwamba hakuna mtu shuleni anayejua. Nilimfundisha binti yule miaka miwili bila kujua. Nikamweleza kuhusu ndoo yetu ya maji. Hatukuzungumza sana zaidi ya hapo. Aliporudi darasani hakusema lolote, nami sikumtaja, wala hapa sitaeleza zaidi. Ila nawaomba walimu: kabla hujafungua somo hili, jua nani amekaa mbele yako. Kwenye shule za mkoa huu na za Kagera, Kigoma na Geita, watoto kama huyu wapo, na hawatajitaja.

Jumamosi nyingine zilikwenda kwa mambo ya kawaida ambayo nayo yana uzito wake. Salamu na shukrani za Kinyarwanda: muraho, amakuru, murakoze. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini hilo halimaanishi muuza duka wa Kigali lazima akujibu, na watoto wetu wa 2019 walinung'unika eti "hawa wanajifanya". Kutokula unatembea barabarani, maana kule si adabu. Saa: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, simu hubadilika yenyewe na saa ya mkononi haibadiliki, hivyo tulikubaliana kwamba tukishavuka daraja wote tunafuata saa ya mwalimu. Sweta, kwa sababu Kigali usiku ina baridi kuliko Mwanza.

Na sweta linanikumbusha fomu ya afya. Wazazi huficha ugonjwa wakihofia mtoto ataachwa. Kanda yetu ina selimundu nyingi, ugonjwa wa damu wa kurithi, na baridi, uchovu na kukosa maji ndivyo vinavyomwamsha mtoto usiku kwa maumivu. Mama mmoja alijaza "hana tatizo" mara mbili. Kwenye kikao nilisema mbele ya wazazi wote kwamba hakuna mtoto atakayekatwa jina kwa ugonjwa, ila atakatwa jina kwa kufichwa. Baada ya kikao alibaki nyuma, akaniambia. Kijana wake alikwenda, na matroni alikuwa na dawa zake, chupa ya maji na blanketi la ziada. Alirudi salama. Chanjo ya homa ya manjano nayo isiachwe siku za mwisho. Cheti chake huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano.

Tuliondoka mwishoni mwa Juni 2025, siku chache baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa. Dakika chache tukawa ng'ambo, pale tulipokuwa tukipanga foleni ya kivuko. Naamini daraja hili ndilo limewavuta mawakala kwenye ofisi za wakuu wa shule, kwa kuwa sasa Kigali imesogea. Ni jambo jema. Nataka watoto wengi zaidi waende.

Gisozi safari hii tulikwenda tukiwa tumekubaliana mambo mawili tangu Mwanza. Kwanza, anayeona hawezi kuingia chumba fulani hatalazimishwa wala kuulizwa sababu. Wawili hawakuingia chumba cha watoto, wakakaa bustanini na matroni. Pili, baada ya hapo ratiba ilikuwa tupu, pasipo duka wala picha za kikundi. Tulirudi tulikolala, tukala, na aliyetaka kuandika akaandika, aliyetaka kulala akalala, aliyetaka kulia walimu wanne walikuwepo. Jioni ndipo walipoanza kuuliza maswali, na yalikuwa maswali ya watu wazima. Mmoja aliniuliza: wale mliowapa maji, leo ukijua mmoja wao aliua, ungefanyaje? Nilimjibu kweli yangu, kwamba nilikuwa na miaka kumi na moja na sijui, na kwamba mama yangu hadi leo anasema mwenye kiu hapewi mtihani kwanza. Tulizungumza hadi saa tano usiku. Kesho yake ndipo tulipokwenda nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, wakati Rwanda na Tanganyika zikiwa koloni moja, na hapo watoto wakacheka na kupiga picha kama inavyotakiwa.

Sasa hii Pasaka ya wakala. Mwaka 2026 Pasaka ni Aprili 5. Aprili 7 Rwanda inaanza wiki ya maombolezo. Wiki hiyo hakuna muziki wala sherehe, shughuli nyingi za burudani hufungwa, na familia ziko makaburini. Yeye ameandika kwenye ratiba yake "usiku wa disko kwa wanafunzi, Aprili 7". Sidhani kama ana nia mbaya. Hajui tu, na anauza kitu asichokijua kwa watu wasioulizwa kujua.

Nawaomba wakuu wa shule wasitie saini safari yoyote ya nje isiyoacha walau miezi mitatu kati ya kikao cha kwanza na siku ya kuondoka. Nawaomba wenye mamlaka ya elimu wanaotoa vibali waulize, pamoja na bima na leseni ya basi, watoto wamefundishwa nini na nani, kwa siku ngapi. Wazazi wenzangu, cheti cha kuzaliwa kitazameni leo jioni, hata kama hamna mpango wa safari. Herufi moja iliyokosewa inachukua miezi kurekebishwa.

Yule wakala nimemrudishia karatasi yake. Nimemwambia tunaweza kusafiri naye Juni 2027, akikubali kifungu chetu cha magonjwa na kuondoa disko. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya pili ya Septemba, na hakuna atakayetajiwa bei siku hiyo. Wazazi na walezi wataambiwa waje na vyeti vya kuzaliwa, vya watoto na vyao, na bibi asiye na cheti aje hivyohivyo, tutaanza naye.

Wenu,
Mwalimu wa Historia,
Mwanza